Ukitaka taco tamu na salama, anza kwa kukagua chapati yake

JE, una mtoto, ndugu au rafiki anayesoma au kufanya kazi Marekani, hasa katika majimbo ya Texas na California? Ikiwa unaye, bila shaka amewahi kukusimulia kuhusu chakula kimoja cha watu wa Mexico kiitwacho taco. Jina hilo tutaliandika hivyo hivyo katika makala haya. Tukiliandika kama linavyotamkwa, watoto watacheka mezani, nasi tuna jambo la maana la kuzungumzia.

Taco ni chapati ndogo ya mahindi, isiyopita sana upana wa kiganja, ambayo hukunjwa juu ya nyama iliyokatwakatwa. Juu ya nyama hunyunyiziwa kitunguu na dania, hukamuliwa ndimu, kisha hutiwa salsa, yaani mchuzi wa nyanya na pilipili unaofanana na kachumbari iliyosagwa. Nchini Mexico chakula hiki huuzwa kando ya barabara jioni watu wakitoka kazini, jinsi mutura na mahindi ya kuchoma yanavyouzwa kwetu. Wamexico waliohamia Marekani walikwenda nacho, na leo hii karibu kila mji mkubwa wa huko una mikahawa midogo yenye viti vya plastiki inayopika taco za mtindo wa barabarani.

Sababu ya kuleta habari hii katika ukurasa wa afya ni kwamba wageni wengi huingia katika mikahawa hiyo wakiogopa kitu kisichostahili kuogopwa, na kukitumia bila wasiwasi kile kinachostahili. Utamwona mtu akiikagua nyama inayotoka motoni kwa shaka kubwa, huku akijitilia salsa kijiko baada ya kijiko kutoka kwenye bakuli lililokaa mezani tangu asubuhi. Habari njema ni kwamba dalili za taco tamu na dalili za taco salama, kwa sehemu kubwa, ni zile zile. Ukijifunza kuitambua moja, umeitambua nyingine.

Mahindi na chokaa

Anza na chapati. Wamexico huiita tortila, na haitengenezwi kwa unga kama wetu wa ugali. Mahindi makavu huchemshwa katika maji yaliyotiwa chokaa kidogo, kisha huachwa humo usiku kucha. Asubuhi huoshwa mara kadhaa, na ganda la nje hutoka lenyewe mkononi kama utelezi. Punje hizo husagwa zikiwa na maji yake, zikatoa donge laini la kukandwa, ambalo hugawanywa vidonge, hubanwa, na kuokwa juu ya chuma cha moto bila mafuta. Kazi hii imefanywa katika nchi za Mexico na Guatemala kwa zaidi ya miaka 3,000.

Faida yake kwa afya ni kubwa mno. Ndani ya mahindi mna vitamini iitwayo niasini, au B3, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua. Mtu anayekula mahindi yaliyopikwa kwa chokaa huipata niasini yake, na juu ya hayo huongezewa kalisi ambayo ni chakula cha mifupa. Mtu anayekula mahindi matupu bila chokaa, na bila kitoweo cha maana, hukosa vitamini hiyo na anaweza kupatwa na maradhi ya pelagra.

Wazungu waliyabeba mahindi kutoka Marekani ya kale wakayapanda kwao, lakini hawakubeba ujuzi wa chokaa. Mnamo 1735 tabibu mmoja wa Uhispania, Gaspar Casal, alianza kuwaona wakulima maskini katika jimbo la Asturias wakiwa na ngozi iliyobabuka, hasa shingoni, mahali panapopigwa na jua. Chakula chao kilikuwa mahindi. Maradhi hayo huanza na ngozi, yakaingia tumboni kwa kuhara, yakapanda kichwani na kumvuruga mtu akili, na asipotibiwa hufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalienea sana kusini mwa Marekani. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, hadi Daktari Joseph Goldberger, ambaye alianza kuuchunguza mwaka 1914, alipoonyesha kwamba kiini chake ni chakula. Mwaka 1937 mtaalamu Conrad Elvehjem akabainisha kwamba kinachokosekana ni hiyo niasini. Wakati huo wote Wamexico maskini waliokuwa wakila tortila na maharagwe hawakuusumbukia ugonjwa huo.

Usidhani hizi ni hadithi za zamani na za mbali. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa kambini nchini Malawi walishikwa na pelagra. Posho yao ilikuwa mahindi, na njugu karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilikuwa zimekatika.

Msomaji aweza kuuliza: mbona sisi tunakula ugali kila siku wala hatubabuki ngozi? Jibu liko kwenye sahani ya pembeni. Maharagwe, ndengu, njugu, samaki, nyama na maziwa ndivyo vinavyotukinga. Githeri ni bora kuliko ugali mkavu kwa sababu hiyo hiyo. Isitoshe, tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wenye viwanda kuongeza vitamini na madini katika unga wa pakiti, ingawa unga wa kusaga mtaani kwenye kinu cha posho haupati nyongeza hiyo. Wenye kuishi kwa ugali na chumvi, au ugali na chai ya rangi, ndio wa kuhofiwa.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Usichukue chokaa ya kupaka ukuta ukaitia sufuriani kwa kuwa umesoma habari hii. Kuna chokaa safi maalumu ya kupikia, na hiyo ya dukani kwa wajenzi huweza kuwa na uchafu wa kudhuru. Magadi nayo, ambayo wengi wetu huyatia katika githeri ili iive upesi, si chokaa. Kadhalika, ingawa chokaa hupunguza sumu ya aflatoksini, haiyafanyi mahindi yaliyoota ukungu kuwa chakula. Sisi tuliozika watu 125 mwaka 2004 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake kwa ajili ya sumu hiyo tunajua haina mchezo.

Jinsi ya kuitambua

Basi umeingia mkahawani. Usikimbilie kusoma orodha ya vyakula iliyoko ukutani. Simama kidogo utazame jikoni, kwa maana mikahawa mizuri ya aina hii haifichi jiko lake. Je, kuna mtu anayebana vidonge vya mahindi na kuvitupa juu ya chuma? Je, tortila ikigeuzwa huinuka katikati kama chapati inayopumua? Unasikia harufu ya mahindi mabichi iliyochanganyika na moshi? Ukiviona hivyo, keti. Tortila iliyotengenezwa saa hiyo hukunjika bila kupasuka. Ile ya jana hupasuka kwenye mkunjo, na ndiyo sababu wauzaji wengi hukupa mbili zilizopandana: ya kwanza ikilowa mchuzi, ya pili hubeba mzigo.

Mikahawa mingine hutumia unga mkavu wa pakiti ambao tayari ulipitia chokaa kiwandani. Huo si udanganyifu, na niasini imo. Ladha ndiyo hupungua. Kuna pia tortila za ngano, ambazo ni za asili kabisa kaskazini mwa Mexico, ila hizo mara nyingi hukandwa kwa mafuta na hushibisha kwa uzito zaidi. Ama ile taco ngumu ya kuvunjika, iliyopindwa kabla ya kujazwa na iliyoenezwa Marekani na kampuni kama Taco Bell iliyoanza California mwaka 1962, hiyo ni chakula kingine. Imekaangwa katika mafuta. Kula ukipenda, lakini siyo tunayoizungumzia leo.

Jambo la pili ni nyama, na hapa wasomaji wetu Waislamu, pamoja na Waadventista, wafungue macho. Utaona bua la nyama likizunguka mbele ya moto, kama shawarma inayouzwa Mombasa. Kufanana huko si bahati: wahamiaji kutoka Lebanon na nchi za jirani walifika na ufundi huo katika mji wa Puebla, na kufikia miaka ya 1930 walikuwa wakiuza taco za Kiarabu. Lakini Wamexico waliigeuza. Nyama inayoitwa “al pastor” ni ya nguruwe iliyopakwa pilipili nyekundu. “Carnitas” na “chorizo” pia kwa kawaida ni nguruwe. Ukiona “asada” ni ng'ombe wa kuchoma, “pollo” ni kuku, “lengua” ni ulimi, “tripa” ni utumbo. “Barbacoa” katikati ya Mexico ni kondoo aliyefukiwa shimoni usiku kucha, ilhali huko Texas mara nyingi ni kichwa cha ng'ombe. Uliza tena kuhusu “manteca”, ambayo ni mafuta ya nguruwe. Hutiwa kwenye maharagwe ya kuponda na kwenye tortila za ngano, na hakuna atakayekuambia usipouliza.

Kwa upande wa afya, nyama iliyochemka kwa saa nyingi ndani ya sufuria na ile inayokatwa vipande vidogo na kumaliziwa juu ya chuma cha moto ukiwa unatazama, zote hazina neno. Mwenye kuhitaji jicho ni hilo bua linalozunguka. Nje limeiva, ndani bado bichi. Mkataji mzuri hukata ngozi nyembamba tu na kungoja moto uiivishe tena. Foleni ikiwa ndefu, mkataji mwenye pupa huzamisha kisu. Ukiona kipande chekundu kisichokauka, mwombe akirudishe kwenye chuma kwa dakika moja. Hatakasirika. Kadhalika iepuke nyama iliyolala kwenye trei ikiwa vuguvugu. Kati ya digrii 5 na digrii 60 ndipo bakteria huzaana upesi, kwa hiyo chakula ama kiwe baridi kabisa ama kitoe mvuke.

Tegu huingia kwa mlango gani?

Watu wengi husema: “Mimi sili nguruwe, kwa hivyo tegu hanihusu.” Hilo ni kosa, na ni kosa linaloweza kumletea mtu kifafa.

Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu bila kuiva vizuri hupata tegu tumboni. Huyo tegu hula chakula chake na kutaga mayai yanayotoka na kinyesi. Ubaya mkubwa huanza hapo. Mtu huyo asiponawa mikono baada ya kutoka chooni, mayai hupita vidoleni na kuingia katika chakula cha wengine. Anayeyameza hapati tegu wa tumboni. Mayai huanguliwa, vijidudu hupenya katika damu na baadhi huishia kwenye ubongo, na hapo ndipo kifafa huanzia. Yaani mla nguruwe mbichi hupata tegu, na mla mboga mbichi aliyeandaliwa na mtu mwenye tegu ndiye hupata kifafa.

Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wanne wa aina hii mjini New York. Wote walikuwa Wayahudi wenye kushika dini sana, ambao hawali nguruwe kabisa. Uchunguzi ulielekeza kwa watumishi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu huyo. Shirika la Afya Duniani husema kwamba katika nchi nyingi zenye ugonjwa huu, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwa njia hii. Kwetu sehemu za magharibi, mathalan Busia ambako nguruwe huachwa watembee ovyo, tegu huyu amethibitishwa kuwepo, na wapo wenye kifafa huko wanaopelekwa kwa waganga wa kienyeji kwa dhana ya kurogwa.

Kwa hivyo ukiwa mkahawani, tazama mikono kuliko sufuria. Je, kuna beseni la kunawia na sabuni karibu na jiko? Anayepokea pesa ndiye huyo huyo anayeshika dania? Katika vibanda vya Mexico utaona jambo ambalo huenda ukalicheka: sahani ya plastiki iliyovalishwa mfuko wa nailoni, na ukimaliza kula mfuko huvuliwa ukatupwa. Kibanda hakina maji ya mfereji, basi mwenyewe ametafuta njia asiioshe sahani kwa maji ya ndoo yaliyotumika mara 50. Kwa mazingira ni hasara. Kwa tumbo lako ni heri.

Bakuli la salsa

Hapa ndipo penye hatari iliyofichika zaidi. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya kupima salsa za mikahawa maarufu katika miji miwili, Guadalajara ulioko Mexico na Houston ulioko Texas. Bakteria wa E. coli, ambao ni dalili ya uchafu wa kinyesi, walipatikana katika miji yote miwili, ijapokuwa Guadalajara ilizidi. Mwaka uliofuata, 2003, watu zaidi ya 500 waliugua homa ya ini ya aina ya A baada ya kula katika mkahawa mmoja wa vyakula vya Mexico huko Pennsylvania, na watatu kati yao wakafa. Kilichowaponza hakikuwa nyama. Kilikuwa vitunguu vya majani vilivyoliwa vibichi, ambavyo viliingia uchafu kabla havijafika jikoni.

Wengine hujipa moyo kwamba pilipili na ndimu huua kila kitu. Ndimu hupunguza baadhi ya vijidudu, lakini haisafishi bakuli lililoshinda juani. Chagua salsa iliyochomwa au kuchemshwa, ambayo utaijua kwa vidoa vyeusi vya nyanya iliyoungua. Ikiwa ni mbichi, iwe imetoka kwenye friji au imewekwa juu ya barafu. Ikiwa kila meza ina bakuli lake ambalo halibadilishwi mteja akiondoka, omba uletewe kidogo katika kisahani. Mkahawa unaojali utakuletea bila maneno. Dania na kitunguu kwenye taco si lazima uviache, ila kwa mgeni aliyeko vibandani Mexico kwa siku chache tu, mwenye safari au mtihani mbele yake, ningemshauri aviache.

Mama mja mzito ana la ziada la kujihadhari nalo, yaani jibini nyeupe laini iitwayo “queso fresco”, inayovunjwavunjwa juu ya chakula. Ikiwa maziwa yake hayakuchemshwa ipasavyo, hubeba bakteria wa listeria, ambao humpa mama homa ndogo tu lakini huua mtoto tumboni. Mnamo 1985, katika eneo la Los Angeles, watu 142 waliugua kwa jibini ya namna hiyo, na 48 wakafa, wakiwemo watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Aulize kama jibini imetokana na maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu. Mwuzaji akisita, basi ale taco bila jibini. Taco ya barabarani kwa asili haihitaji jibini hata kidogo.

Chupa iliyo kando ya sahani

Taco tatu za nyama ya kuchoma, na bakuli dogo la maharagwe, ni mlo unaomtosha mtu mzima, tena hauna kasoro kubwa. Kasoro huja na kinywaji. Wamexico wamekuwa wakinywa soda kwa wingi kuliko karibu watu wote duniani, na kisukari kimewaelemea kiasi kwamba Januari 2014 serikali yao ilianza kutoza kodi ya peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari. Mwaka 2020 ikaongeza alama nyeusi kwenye pakiti na chupa ili kumwonya mnunuzi. Katika mkahawa utaona pia mitungi mikubwa ya vinywaji vya rangi, chekundu cha maua ya “jamaica” na cheupe cha mchele. Vinapendeza kwa macho, na vina sukari nyingi vilevile. Maji yenye kipande cha ndimu yanafaa zaidi. Huko Mexico yawe ya chupa iliyofungwa, na barafu uiache usipojua ilikotoka.

Ama kuhusu wakati wa kwenda, nenda wakati watu wamejaa. Foleni huudhi, lakini nyama haipati nafasi ya kulala kwenye trei, tortila hazikai zikapoa, na bakuli la salsa hujazwa upya kila mara. Mkahawa mtupu saa tisa alasiri unaweza kukupa kiti kizuri na chakula cha saa sita. Agiza taco mbili kwanza, usiagize sita. Tortila hupoteza ulaini wake katika muda wa dakika chache, na sahani iliyojaa hukufanya uzile zile za mwisho zikiwa baridi. Ukimaliza mbili, inuka uagize nyingine. Wenyeji hufanya hivyo, na mpishi hachoki kuulizwa.